Sukari ya kupima haifi saa sita usiku. Mega za intaneti kwa nini zife?

Sekretaria Kasapa (mwenye uzi)

Wandugu wa L'shi (Lubumbashi), na ninyi wa mbali mnaotusoma, jambo. Uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Nina sekretaria ndogo kwenye barabara ya kwenda Kasapa. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi ambayo umri wake hauulizwi mbele ya wateja, na printa ya rangi. Wateja ni wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, na majira ya memwari (tasnifu za kumalizia masomo) ndiyo mavuno yangu. Juma lililopita alikuja kijana saa tatu usiku: kurasa zimepishana, jedwali limekimbilia ukurasa mwingine, na profesa anataka kazi kwa barua pepe kabla hajaamka. Nikanunua forfe (bando la intaneti) ya siku, giga moja, inayokoma saa sita usiku. Ile tunaanza tu, kuran (umeme) ikaenda.

Ikarudi saa saba. Nikawasha modemu, ujumbe ukanipokea: muda wa forfe yako umekwisha. Nilikuwa sijatumia hata mega 100. Mia tisa na zaidi zilikufa bila kuguswa. Nikanunua nyingine, kazi ya mtoto wa watu ikaenda, nikalala na hasira.

Asubuhi nikapitia soko la Kenya (kwa wageni: Kenya ni komini ya hapa mjini, msiende mbali). Mama akanipimia sukari kwa kikombe, akafunga kwenye sashe. Nikamuuliza kwa utani, "Mama, hii nikiibakisha hadi kesho kutwa itakuwa bado yangu?" Akanitazama kama mtu ambaye munkoyo wa jana haujamtoka.

Sasa nisikilizeni. Sisi ni watu wa kupima. Unga kwa meka, makala (makaa) kwa kopo, mafuta kwa kikombe. Na kila mtu anajua kwamba anayenunua meka moja moja anaishia kulipa zaidi kuliko aliyebeba gunia. Hatulalamiki, kwa sababu mama ndiye aliyelibeba gunia, akalipa ushuru wa soko, akakaa juani. Kwa hiyo kampuni za simu zilipokuja na forfe za siku, sikushangaa. Walichukua desturi yetu. Ila waliichukua nusu. Kwa mama, nilichonunua ni changu mpaka kiishe. Kwa mama kuna matabishi, anakuongezea kiganja juu. Matabishi ya kampuni nayo yapo, sikatai: mega za bonasi unazoruhusiwa kutumia kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, saa ambazo mimi na wanangu tuko usingizini.

Hao ni wa hapa. Wa ng'ambo wana dawa nyingine, nayo inaitwa mwezi. Kila kitu sasa ni kwa mwezi. Adobe, wenye Photoshop, kwa mfano: hadi toleo la CS6 la mwaka 2012 ulikuwa unanunua mara moja, programu inakaa kwako mpaka kompyuta ife. Mwaka 2013 wakatangaza kwamba yanayofuata yote ni ya kukodi. Juni 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawapeleka mahakamani ikidai kwamba waliwaficha wateja ada ya kujitoa: unadhani unalipa mwezi kwa mwezi, kumbe umefunga mkataba wa mwaka, na ukitoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Adobe walikana. Mimi si hakimu. Ninachosema ni kwamba aliyepanga bei hiyo anamfikiria mtu mwenye mshahara. Mwezi wake unaingia tarehe fulani, benki inakata, maisha yanaendelea. Mwezi wangu una wiki moja ya kushiba na tatu za kutazama barabara. Wanafunzi wakienda likizo hauna hata hiyo moja.

Hivyo nimebanwa pande mbili. Wa hapa wananiuzia siku isiyobaki, wa kule wananiuzia mwezi nisioufikia.

Na printa! Niliinunua kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Seti mbili za wino zikapita bei ya printa yenyewe. Sitaji jina la chapa, maana nadhani wengi mna hadithi hiyo hiyo na majina tofauti.

Wenye mawazo karibuni. Wenye matusi nao waje, ila wawe na hoja.

Mama Kabine

Yaya (kaka), mimi niko kabine karibu na rond-point, mwaka wa saba huu, nauza inite (salio la simu) na kutoa pesa za simu. Kwanza niseme: mteja akinuna kwa sababu mega zimekufa, anakuja kunigombeza mimi. Mimi ninapata kamisio ya kununua nyanya, siyo zaidi.

Pili, mnaisema forfe ya siku kana kwamba tumelazimishwa. Nikimwambia mteja, "Papa, chukua ya mwezi, inakutokea nafuu," ananijibu, "Mwezi nani ameuona?" Ana faranga 1,000 mkononi, na kwenye hizo kuna mkate. Na kuna jambo ambalo ninyi wanaume wa kompyuta hamlioni. Nyumba yenye watoto sita, ukiweka giga 20 za mwezi kwenye simu ya baba, siku ya tatu hakuna kitu, zimeliwa na video. Ya siku ikiisha, imeisha ya leo tu. Mimi mwenyewe nanunua ya siku, na ninajua hesabu kuliko wote hapa.

Fundi Simu Njanja

Mama Kabine kasema kweli. Mimi naongeza moja tu: mara nyingine mega haziliwi na watoto, zinaliwa na simu. Mtu ananiletea simu mpya ya bei nafuu, kabla hajafungua chochote inajipakulia matangazo na programu ambazo hakuziomba. Simu ni nafuu kwa sababu sehemu ya bei utailipa baadaye, kwa mega zako.

Na kuna yaliyopita hayo. Agosti 2020 ilifichuliwa kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilitoka na programu hasidi ndani yake, Triada na xHelper, zikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua. Ilionekana Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Transsion, kampuni mama yenye Tecno, Itel na Infinix, ilisema kosa ni la mmoja wa wanaowaletea vitu. Sisemi msinunue. Hizo ndizo simu zilizoleta laini mbili na betri la kudumu kwa watu kama sisi, wakati wenye majina makubwa walikuwa hawatuoni. Nasema ukinunua, siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio, zima data ya chinichini kwa kila programu usiyoijua. Ukishindwa njoo, nafanya kwa bei ya soda.

Kwenye printa nitarudi, nina mteja.

Kamarade wa Uchumi

Mnasahau RAM? Septemba 2020 tuliamka tunakatwa inite. Ilikuwa inaitwa rejesta ya vifaa vya mkononi, chini ya ARPTC, wasimamizi wetu wa mawasiliano. Simu ya 2G dola moja kwa mwaka, ya 3G na 4G dola saba, ikikatwa vipande vipande kwenye kredi yako. Mtu anaweka inite za kumpigia mgonjwa, anakuta zimepungua. Kelele zikapigwa mitandaoni na bungeni, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Kwa hiyo tusiwabebeshe kampuni kila kitu. Serikali nayo inakula kwenye sahani hiyo hiyo. TVA pekee, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16 tangu 2012.

Hesabu nyingine. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 forfe ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la wastani la Mkongomani ni dola mia sita na kitu kwa mwaka, yaani hamsini na kitu kwa mwezi. Asilimia 2 ya hapo ni dola moja na senti. Yaani ukimpa mtu dola moja, mwezi mzima awe na intaneti ya maana. Mama Kabine, unauza hiyo?

Mama Kabine

Dola moja ya mwezi mzima? Mwanangu, soma kwanza umalize.

Mnara

Nimefanya kazi kwenye minara miaka kumi, nikilipwa na kampuni inayolipwa na kampuni za simu. Niruhusuni niwatetee kidogo, halafu mnipige.

Mfano wa sukari si sahihi, mukubwa. Sukari ni kitu, inakaa kwenye gunia. Mega si kitu. Mnara una nafasi kadhaa kwa kila sekunde, nafasi isiyotumika saa tisa alasiri haiwekwi akiba ikatumike saa tano. Inafanana zaidi na kiti cha taxi-bus. Gari ikiondoka na kiti kitupu, kiti hicho hakiuzwi tena kesho.

Na kuwasha huo mnara ni gharama ambayo watu hawaioni. Palipo na kuran ya mashaka kuna jenereta, na jenereta inakunywa mazuti usiku na mchana. Kuna sehemu mazuti yanafika kwa barabara ambayo Januari haipitiki. Kuna mlinzi, na juu ya mlinzi kuna wezi wa betri. Betri za mnara zinatembea, nyingine nimezikuta zikiwasha televisheni kwenye nganda (baa). Mnara ulioko kijijini unahudumia watu ambao wote kwa pamoja hawanunui inite za kulipia mazuti yake. Sisi wa mjini ndio tunaowalipia.

Sekretaria Kasapa

Mnara, asante, hoja kama hii ndiyo nilikuwa naingoja. Tuchukue taxi-bus yako basi. Nimelipa nauli kutoka Kasapa kwenda mjini, gari imekufa njiani. Kondakta anafanya nini? Ananirudishia, au ananisukumia kwenye gari ya mwenzake na kumlipa. Hata kondakta mwenye kinywa kibaya kuliko wote hathubutu kuniambia, "Nauli yako imeisha muda, toa nyingine." Abiria wangemvua shati.

Pia, giga yangu nikiitumia leo au kesho, mazuti ya mnara ni yale yale. Ingekuwa shida ni nafasi, wangeniuzia ghali saa za msongamano na rahisi saa za utulivu, nami ningeelewa. Lakini kuniulia mega zangu hakupunguzi msongamano wowote. Kunaniuzia kitu kilekile mara mbili.

Mnara

Hapo kwenye gari kufa njiani umenishika. Kwenye mara mbili nakupa nusu. Wakipanga bei ya forfe wanajua kabisa kwamba sehemu fulani haitatumika, na hiyo imeshaingizwa kwenye hesabu. Wakiondoa muda wa mwisho, bei ya mega moja itapanda. Utalipa tu, mlango mwingine.

Nilikaa Joburg

Nimeishi Johannesburg miaka minane kabla ya kurudi nyumbani, na mabishano haya yalifanyika kule, tena mpaka kwenye ofisi za serikali. Kuanzia Machi 2019 ICASA, wasimamizi wao wa mawasiliano, waliweka kanuni kwamba kampuni lazima impe mteja njia ya kusogeza mbele data ambayo hajaimaliza, au kumhamishia mtu mwingine. Desemba mwaka huo huo tume yao ya ushindani ikatoa ripoti ya uchunguzi wa soko la data. Waliandika wazi kwamba bei za Vodacom na MTN ni za juu, na kwamba forfe ndogo ndogo zinamwumiza maskini, kwa sababu yeye ndiye anayelipa bei kubwa zaidi kwa kila mega. Yaani hii hii ya meka na gunia anayoisema mwenye uzi. Baada ya hapo Vodacom wakashusha giga moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99, kuanzia Aprili 2020.

Minara ya Afrika Kusini haikuanguka, Mnara.

Mnara

Kule wakati huo walikuwa na kuran.

Nilikaa Joburg

Unaota. Kule wakati huo walikuwa na neno lao la kukatiwa umeme na walikuwa na ratiba yake kabisa. Angalau ratiba.

Shangazi yuko Nairobi

Safaricom nao Oktoba 2019 walianza kuuza data isiyokuwa na mwisho wa muda, baada ya kushtakiwa mahakamani. Unanunua, inakaa hadi uimalize. Ila Mnara hajadanganya: kwa mega moja moja, ile isiyokufa ni ghali kuliko ya siku. Shangazi yangu anazo zote mbili, ya siku kwa kazi, isiyokufa kama akiba ya dharura. Mimi naona hiyo ndiyo haki, mtu achague mwenyewe.

Kobalti Yetu

Mnazunguka mbali. Kobalti ya dunia, karibu asilimia 70, inatoka hapa kwetu, Kolwezi na jirani zake. Malori yanatupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila siku. Betri zao, simu zao, magari yao, yote ni ardhi yetu. Halafu tunauziwa simu dola 150! Simu ingekuwa bure kwa Mkatanga.

Sekretaria Kasapa

Nilikuwa nahesabu dakika, nikijua kobalti lazima ifike. Ndugu, uchungu wako ni wangu, lakini tufanye hesabu. Simu moja ina gramu chache tu za kobalti. Tuseme 10, nakuongezea. Mwanzoni mwa 2025, kabla serikali haijasimamisha kusafirisha mwezi wa pili, tani moja ilikuwa inauzwa karibu dola 22,000. Kilo ni dola 22. Gramu 10 ni senti 22. Bei ikipanda mara mbili, ni senti 44. Ukimpa Apple kobalti bure kabisa, simu yake ya dola 800 itakuwa ya dola 799 na ushee. Hatulipi simu ghali kwa sababu ya madini. Tunalipa kiwanda, chipu, jina, meli mpaka Dar, lori kupitia Zambia, dwani (forodha), na kila mkono uliogusa boksi kutoka mpakani mpaka dukani mjini.

Kobalti Yetu

Senti 22.

Mwenye uzi, umenijibu vizuri, ila umejijibu na wewe. Mtu anaingia shimoni Kolwezi na taa ya kichwani, anatoka na kitu ambacho ndani ya simu ya dola 800 kinahesabiwa senti 22, na wewe unaniletea hesabu hiyo ili ninyamaze?

Sekretaria Kasapa

Hapana. Hapo sina jibu, yaya. Nimeacha.

Fundi Simu Njanja

Nimerudi, tuongee printa. Mukubwa, hukuwa mjinga, ulifanywa hivyo kwa makusudi. Printa wanakuuzia karibu na hasara ili wino ulipe. Na wino wa bei nafuu ukiutafuta, kuna chipu. Septemba 2016 printa nyingi za HP duniani ziliamka siku moja zikakataa katriji za watu wengine zilizokuwa zinafanya kazi jana yake. Agizo la kukataa lilikuwa tayari limo ndani ya programu ya mashine, likisubiri tarehe. HP walijieleza kwamba wanalinda ubora.

Lakini sikia ya Indonesia, mimi naipenda sana. Kule watu walichoka, wakaanza kutoboa printa na kuziwekea matangi ya wino pembeni, mipira inaingia ndani kama mgonjwa wa serumu. Ikawa biashara ya mitaani. Mwaka 2010 Epson wakaona hawawezi kushindana na mafundi wa vichochoroni, wakatengeneza wenyewe printa ya tangi, wakaanza kuiuza hukohuko Indonesia. Ndiyo EcoTank mnayoiona sasa. Printa yenyewe bei iko juu, chupa za wino ziko chini. Fundi wa kichochoroni aliifundisha kampuni ya Japani kupanga bei! Uza hiyo yako kwa mwenye ofisi anayechapisha barua mbili kwa mwezi, kusanya, ununue ya tangi.

Sina Haya

Swali kwa mwenye uzi. Umeiandika Adobe vizuri sana, CS6, 2013, mahakama. Kwenye kompyuta zako mbili pale Kasapa, Photoshop uliinunua wapi? Na Word? Na Windows? Maana nimefika kwenye sekretaria nyingi mji huu na sijaona risiti ukutani.

Sekretaria Kasapa

Umenipata. Zote zilitoka kwenye fleshi ya fundi fulani, kama kila mahali. Sitajitetea kwamba ni umaskini, maana fotokopi nilinunua kwa pesa halali. Niseme tu kwamba nililipa kwa njia nyingine. Miaka miwili iliyopita programu hiyo ya bure ilikuja na virusi, nikapoteza memwari za wanafunzi wanne wiki ya kuwasilisha. Mmoja wao alilia mbele yangu, mtu mzima. Tangu siku hiyo niko kwenye LibreOffice, haina malipo na haina wizi, ila faili iliyotengenezwa kwenye Word ikifunguka mle inachechemea. Jedwali la yule kijana wa saa tatu usiku lilikimbia kwa sababu hiyo hiyo. Nadhani sasa mnaelewa hasira yangu ilikuwa na tabaka.

Na nimewahi kutaka kulipa kwa haki. Nikakuta wanataka kadi ya benki yenye dola, inayokatwa yenyewe kila mwezi. Pesa zangu ziko kwenye simu. Nikatafuta mtu mwenye kadi anilipie, akataka kamisio yake. Mwezi wa pili kadi yake ikawa haina kitu, nikafungiwa katikati ya kazi.

Kamarade wa Uchumi

Sisi ChatGPT ya dola 20 kwa mwezi tunachangia watu watano, dola nne nne. Kuna ratiba imebandikwa kwenye mlango wa homu (hosteli ya wanafunzi): nani asubuhi, nani usiku. Wiki ya mitihani urafiki unavunjika. Lakini ona: wangeuza ya siku moja, dola moja, tungenunua sisi sote, kila mmoja siku yake anapoandika. Wangepata zaidi kutoka kwetu. Hawajui kupima kwa kikombe.

Mama Kabine

Ikija ya siku moja ya dola, mimi nitaiuza hapa kabine. Na mtakuja kulalamika kwamba imekufa saa sita usiku.

Nilikaa Joburg

😂 Mama ameumaliza uzi.

Fundi Simu Njanja

Haujaisha, kuna la Windows 10. Wenye kompyuta za okazyo (zilizotumika), yaani karibu wote humu: Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inakataa karibu mashine zote zenye chipu za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, yaani za kabla ya 2017 au 2018. Kompyuta inafanya kazi vizuri, haina kidonda, inaambiwa umri umefika. Walitoa mwaka mmoja wa ziada, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au uwashe hifadhi ya mipangilio kwenye akaunti yao. Ulaya vyama vya walaji vilipiga kelele, wakaondolewa hata sharti hilo. Sisi hatuna wa kutupigia kelele.

Ushauri wangu: mashine ya kuandikia tu, wekeni Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Ya wateja, washeni hiyo hifadhi mpate muda huo wa ziada uliobaki, halafu tuone. Na mashine zinazotupwa Ulaya zitaanza kutua huku kwa wingi, kwa hiyo anayetaka kununua asiharakishe. Mimi nasubiri bei ishuke.

Sekretaria Kasapa

Nimerudi jioni hii na ripoti. Nimefanya alivyosema Mama Kabine na alivyosema shangazi wa Nairobi, nusu nusu. Nimenunua forfe ya wiki kwenye laini moja kwa kazi za kila siku. Kwenye laini ya pili nimeweka inite tupu, ghali ndiyo, ila hazina saa. Printa nimempata anayeitaka, karani wa parokia moja, nimemweleza habari za wino kabla hajalipa, na bado anaitaka. Yule kijana wa memwari alipita kunisalimu, profesa amemrudishia kazi na wino mwekundu kila ukurasa. Jedwali halikuguswa.

Ile forfe ya wiki inakoma leo saa tano na dakika hamsini na tano. Hivi ninavyoandika kuran ipo, nina mega 2,300 na saa mbili kasoro. Aliyeko karibu na Kasapa mwenye kitu cha kutuma aje sasa hivi. Sitozi.